Wanaosimama Pembeni ya Mweso

  

Leo nataka tuzungumze juu ya michezo ya ubao. Nazungumzia mweso, dama, ludo na chesi, na ile desturi ya watu kutenga jioni moja ya wiki, wakakutana mahali pale pale, wakakaa kwenye mabenchi na kucheza hadi giza liwafukuze. Vikundi vya namna hiyo vinaweza kuwa na mwenyekiti na mweka hazina, au visiwe na chochote isipokuwa meza na siku inayojulikana na wote. Nimekaa kwenye jioni kama hizo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji ya kunywa, na kadiri miaka inavyokwenda nazidi kuamini jambo moja. Uhai wa mchezo umo kwa wale waliosimama nyuma ya wachezaji, mikono kifuani, wakitazama. Hao wakitawanyika, mchezo hauchukui muda kufa, hata kama mbao bado zipo na kete bado zimejaa mfukoni.

Tuanze na saa. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la Jinja halibadiliki sana kwa msimu. Mwaka mzima linazama karibu saa moja. Anayefunga duka au anayetoka kiwandani saa kumi na moja ana saa mbili za mwanga, na hizo ndizo saa za mchezo. Utawakuta watu chini ya mwembe kule Walukuba, au kwenye veranda za maduka ya zamani ya Barabara Kuu, yale yaliyojengwa na Wahindi, ambako mvua ya ghafla haiwafikii. Penye steji ya bodaboda si ajabu kukuta ubao wa ludo: mraba wa mbao wenye fremu, kioo juu yake ili dadu ziteleze vizuri, na chini ya kioo picha za wanasoka wa Uingereza au za wanasiasa. Dama haina gharama hata hiyo. Unachora miraba kwenye kipande cha plaiwudi, unaokota vizibo vya bia inayotengenezwa ng'ambo ya mto pale Njeru, na upande mmoja unacheza vizibo vikiwa vimetazama juu, upande wa pili vimefunikwa. Sijamwona mtu aliyeshindwa kucheza dama kwa kukosa pesa.

Halafu kuna mweso, na hapa niruhusuni nikae kidogo.

Ubao wa mweso una safu nne, na kila safu ina mashimo manane, kwa hiyo mashimo yote ni 32. Kete ni 64. Waganda huziita empiki, nazo kwa asili ni mbegu ngumu za duara, ingawa kokoto hufaa pia. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, mashimo 16, na anaanza na kete 32. Zamu yako ikifika, unachagua shimo lenye kete mbili au zaidi, unazizoa zote, unazigawa moja moja kuzunguka mashimo yako mwenyewe, kinyume cha mwendo wa saa. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, unazizoa hizo nazo na kuendelea. Na ikiwa shimo hilo liko kwenye safu yako ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala nalo yana kete, hapo unakula: unachukua zote za mashimo yale mawili, unazileta kwako, unazigawa kuanzia pale mzunguko ule ulipoanzia. Anayebaki bila shimo lenye kete mbili ameshindwa. Kuna pia ushindi wa ghafla uitwao emitwe ebiri, vichwa viwili, pale unapomla mwenzako kwenye ncha zote mbili za ubao katika zamu moja. Mtu anaweza kuwa anaongoza, akakatwa vichwa vyote viwili kabla hajavuta pumzi.

Angalieni jambo moja katika kanuni hizo. Katika dama na chesi, kinacholiwa kinatoka nje ya ubao. Kinawekwa pembeni, na mchezo unazidi kuwa mwepesi kadiri unavyoendelea. Katika mweso hakuna kete inayotoka. Mnaanza na 64, mnamaliza na 64. Kete ulizonila saa hii ndizo zinazokufanyia kazi sasa, na zamu ijayo huenda zikarudi kwangu na nyingine juu yake. Ndiyo maana mweso unageuka. Mzee aliyebakiwa na kete chache anaweza kukaa kimya, akasubiri, na kwa zamu moja akazunguka mara tano, akala mara tatu, na sura ya ubao mzima ikawa nyingine. Zamu inaweza hata kuzunguka bila dalili ya kuisha, ndiyo sababu kwenye mashindano huwekwa kikomo cha muda.

Sasa fikirini maana yake. Mkono wa mchezaji stadi unakwenda kasi kuliko jicho la mgeni. Kete zinaanguka tak, tak, tak, na akimaliza mizunguko mitano hakuna awezaye kurudisha ubao ulivyokuwa. Kwenye chesi wachezaji wa mashindano huandika kila hatua kwenye karatasi. Ukitokea ubishi, karatasi ipo. Kwenye mweso wa jioni hakuna anayeandika. Kete ya mwisho ilianguka shimo la tano au la sita? Aliyegawa ana maslahi yake, na mwenziwe aliyeketi mbele yake ana yake. Anayejua ni yule aliyesimama nyuma, ambaye amehesabu kila kete kwa macho bila kugusa chochote. Yeye ndiye daftari la mchezo. Anaposema "hapana, ilikuwa ya sita," mkono unarudi, kete inahamishwa, na mchezo unaendelea bila mtu kununa. Nimeona ubishi mkubwa ukimalizwa hivyo na kijana wa shule ya msingi. Wazee wawili walimtazama, wakatazamana, wakakubali.

Na ni kwa kutazama watu walivyofundishwa mchezo huu, vizazi na vizazi. Baba yangu mdogo hakunieleza kanuni hata moja. Alinipa kazi ya kuokota kete zinazodondoka chini. Ukiokota kete, inabidi ujue zilitoka shimo gani. Ukitaka kujua zilitoka wapi, inabidi ufuate mkono. Na ukishaanza kufuata mkono, umeanza kucheza bila kujua. Baadaye nikawa mtu wa kukalia nafasi yake anapokwenda kuswali, kwa masharti kwamba nisianze zamu mpya. Baadaye tena akaniachia zamu moja. Yeye na wenzake walikuwa wakipunguza kasi ya mikono yao mtoto akiwepo, jambo ambalo nililitambua nilipokuwa mtu mzima na kujikuta nafanya vilevile.

Mchezo huu haukuanza jana, na si wa kabila moja. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Wanyarwanda wana igisoro, ambao ukikaa nao kwa nusu saa utaona ni ndugu wa damu wa mweso wetu. Pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar na kushuka chini, kuna bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64 kama mweso, lakini wachezaji wake huanza na kete nyingine mkononi na kuziingiza moja moja, kisha kuna shimo la nyumba lenye sheria zake. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao. Ukienda mbali zaidi, Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London lina sanamu ya mbao ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa Wakuba wa Kongo wa karne ya 17. Kila sanamu ya mfalme wa Kuba huchongewa kitu kimoja cha kumtambulisha mwenyewe. Mbele ya huyu wamechonga ubao wa mchezo wenye mashimo. Alikuwa na mengi ya kukumbukwa kwayo, na watu wake wakaona hicho ndicho kinachomtosha.

Maandishi yapo pia. John Roscoe aliutaja mweso katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotoka mwaka 1911. Mwaka 1968 mwanazuoni wetu Michael Nsimbi alichapisha kijitabu kizima juu ya mweso, kikatolewa na Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles. Na mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu ya udaktari juu ya mabingwa wa bao, akichunguza jinsi wanavyokokotoa kichwani zamu ndefu ambazo mtu wa kawaida asingeweza kuzifuata. Navitaja vitabu hivi kwa heshima. Lakini hakuna mtoto wa Bugembe atakayejifunza mweso kutoka katika kijitabu kilichochapishwa Los Angeles. Atajifunza akiwa amesimama mahali.

Mfano wa karibu zaidi mnaufahamu, nao unahusu chesi. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, hakupelekwa kwenye chesi na mzazi wala mwalimu wa shule. Alimfuata kaka yake kimyakimya hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto mchezo huo na kuwapa uji. Msichana yule akasimama nje, akachungulia. Alipoitwa ndani, aliyemfundisha jinsi vipande vinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya chesi iliyofanyika Istanbul, Phiona pamoja na Ivy Amoko walifikia kiwango cha kupewa cheo cha kimataifa, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kukipata. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya Mira Nair juu ya maisha yake, na dunia nzima ikalijua jina la Katwe. Watu wanapoisimulia habari hiyo husema ni habari ya kipaji. Mimi naona ndani yake mambo mawili yaliyotangulia kipaji: palikuwa na mahali na saa inayojulikana, na hakuna aliyemfukuza mtoto aliyekuwa akichungulia.

Mahali na saa. Hapo ndipo mji wetu unapopungukiwa.

Jinja ni mji wa kazi. Bwawa la Owen, ambalo sasa tunaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukaleta viwanda: nguo, shaba, chuma, na mengine mengi, juu ya sukari ya Kakira iliyokuwepo tangu mwaka 1930. Watu walikuja kutoka Busoga yenyewe, kutoka Bugisu, Teso, Nile ya Magharibi, na kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Cyril na Rhona Sofer, watafiti waliouchunguza mji huu wakati huo, walichapisha kitabu chao mwaka 1955, na jina walilokipa lilisema Jinja imegeuzwa. Kwenye nyumba za wafanyakazi za Walukuba mtu alikuwa na jirani ambaye lugha zao za mama hazikukutana popote, na Kiswahili chetu hiki, pamoja na mapungufu yake yote, kilipata kazi. Ubao nao ulipata kazi. Mgisu, Msoga na Mluo wanaweza kucheza dama nzima kwa maneno kumi. Na kwa kuwa kiwanda kina shifti, na shifti ina king'ora, watu walijua ni saa ngapi fulani atakuwa amepumzika. Jioni ya mchezo ilijipanga yenyewe.

Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Wahindi. Viwanda vikayumba kwa miaka mingi, na king'ora kikanyamaza. Leo wengi wetu tunafanya kazi ambazo hazina saa. Bodaboda yuko barabarani alfajiri na usiku. Mama wa sokoni anafunga pale tu mteja wa mwisho anapoondoka. Tuna muda wa vipande vipande: dakika kumi hapa, robo saa pale. Ludo unaingia katika vipande hivyo, nami siusemi vibaya. Ni mchezo wenye asili ya India, Waingereza wakausajili kwa jina hilo mwaka 1896, na vijana wetu wameufanya kuwa wao kabisa. Dereva anaweza kuacha mchezo katikati abiria anapotokea, mwingine akashika nafasi yake. Mweso haukubali hivyo. Mweso unataka mtu akae. Kwa hiyo pasipokuwa na siku iliyotengwa, unaopotea kwanza ni mweso.

Mtakumbuka tulivyojaribiwa miaka michache iliyopita. Mwishoni mwa Machi 2020, kwa sababu ya korona, tuliwekewa kafyu ya saa moja jioni. Ile saa ambayo jua linazama ikawa saa ya kila mtu kuwa ndani, na mikusanyiko ikakatazwa. Saa za kafyu zilisogezwa mbele na kurudishwa, lakini yenyewe haikuondolewa hadi Januari 2022. Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na jambo hilo tulilipokea tukiwa katikati ya masharti hayo. Watu wawili wa nyumba moja waliweza kuendelea kucheza, na walicheza. Kilichokatika kilikuwa kile kikundi kilichosimama nyuma yao. Na vikwazo vilipoondoka niliona kitu kilichonisikitisha sana: wachezaji walirudi, lakini watoto waliokuwa na miaka minane au tisa wakati wa kufungwa walirudi wakiwa na miaka kumi na zaidi bila kujua kanuni yoyote. Miaka ambayo wangekuwa wakiokota kete ilikuwa imepita. Ni kama shamba lililokosa mvua za msimu mmoja. Mwaka unaofuata unavuna, lakini mbegu ya kuhifadhi haipo.

Sasa nije kwenye yale yanayowatawanya watazamaji leo. La kwanza ni simu. Vijana wananiambia, mzee, michezo yote ipo kwenye simu. Ni kweli. Hata matatu, ule mchezo wetu wa karata, vijana wa Kola Studios wa Kampala waliutengenezea programu ya simu, na ni kazi nzuri ya kujivunia. Lakini skrini ya simu ni ya macho mawili. Mtoto akisimama nyuma yako kutazama, unahisi anakupeleleza na unageuza simu. Na programu haikuruhusu kukosea: inahesabu yenyewe, inakataa yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya shahidi. Mchezo unachezeka vizuri kabisa, ila hakuna anayebaki na kitu baada ya wewe kuzima.

La pili ni kamari, na hapa nataka kusema wazi. Pita mitaa yetu jioni uone nyumba za kubeti zilivyojaa. Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inamzuia mtu aliye chini ya miaka 25 kubeti. Wengine mnaonisikiliza mna watoto ambao hawajafika nusu ya umri huo na wanajua bei za timu zote za Jumamosi. Kijana anayetazama skrini ya kubeti naye ni mtazamaji, lakini kutazama kwake hakumfundishi chochote anachoweza kukifanya yeye mwenyewe. Hawezi kuingia uwanjani Manchester na kusahihisha pasi. Kwenye mweso, anayetazama wiki hii anakaa wiki ijayo.

Wazazi wanaogopa kwamba ubao nao ni kamari, nami nawaelewa. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda, katika kifungu kinachohusu wavivu na wazururaji, imemhesabu pia mtu anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa mahali pa wazi, na kifungu hicho kimewafanya watu wengi waogope kila duara la vijana wanaoinamia ubao. Lakini soma maneno: mchezo wa bahati, kwa pesa. Mweso hauna dadu. Hauna karata iliyofichwa. Kete zote 64 ziko wazi mbele ya kila mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Kikundi kinachoweka sharti kwamba hakuna pesa mezani, hata mia tano, kimejikinga na polisi, na kimejikinga pia na ule ugomvi unaoharibu michezo mingi. Pesa ikiingia, watazamaji wanageuka kuwa pande mbili, na daftari lile nililolitaja haliaminiki tena. Nimeona jioni nzuri zikifa kwa njia hiyo. Wanaoanzisha kikundi nawasihi waanze na sharti hilo kabla ya kununua benchi.

Lingine ni akina mama na mabinti. Kwa desturi mweso ulikuwa mchezo wa wanaume, na pale unapochezwa nje ya baa, binti hawezi kusimama na kutazama bila watu kumtazama yeye. Matokeo yake nusu ya watoto wetu wananyimwa hata ile hatua ya kwanza ya kuchungulia. Siku iliyotengwa inatibu hilo kwa njia rahisi. Mchezo ukichezwa kwenye uwanja wa shule, ukumbi wa kanisa au kibaraza cha msikiti, ukaanza saa kumi na moja na kumalizika saa moja, mama anajua binti yake yuko wapi na atarudi saa ngapi. Na mama mwenyewe anaweza kuja. Nimecheza na mwanamke mmoja muuza samaki wa Masese ambaye alikuwa amejifunza kwa kumtazama mume wake miaka yote akiwa anakaanga pembeni. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye ubao mbele ya watu. Alinikata vichwa viwili, na watazamaji walipiga kelele hadi watu wa mtaa wa pili wakaja kuona kulikoni. Nina furaha hadi leo kwamba nilikuwepo, hata kwa upande ule wa ubao.

Kwa wasikilizaji wa Mbale nina ombi la pekee. Ninyi mna wanafunzi wengi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kiko hapo tangu mwaka 1988, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi. Kila mmoja kati yao huenda ametoka na kanuni za kwao: huku wanaanza kwa kupanga kete watakavyo, kule wanaanza na kete nne nne, wengine wanaruhusu kurudi nyuma kutoka mashimo ya kushoto pale tu mtu anapokula, wengine wana masharti mengine. Msiharakishe kuchagua kanuni moja na kufuta nyingine. Anzeni kwa kuonyeshana. Jioni moja mcheze kwa kanuni za Wasoga, nyingine za Wanyarwanda, nyingine bao la pwani, na anayetoka huko awe msemaji wa siku hiyo. Hakuna mahali pengi Afrika Mashariki ambapo jambo hilo linaweza kufanyika bila mtu kupanda basi.

Vifaa visiwe kisingizio. Seremala yeyote anaweza kuchonga ubao kwa patasi akiwa na mfano mbele yake, na kabla seremala hajamaliza, mashimo 32 ardhini yanatosha. Wazee wengi walianzia hapo. Kete ni kokoto za ukubwa mmoja. Benchi muazime kwa jirani. Taa moja ikipatikana, mtaongeza saa. Kinachotakiwa kwa kweli ni watu wanne au watano walioahidiana siku, na mmoja wao asiyekosa hata mvua ikinyesha, kwa sababu anayekuja na kukuta hakuna mtu harudi tena.

Na kwa ninyi mnaojua kucheza vizuri, mliokaa kwenye benchi hizo kwa miaka: acheni nafasi nyuma yenu. Msiwaambie watoto waondoke wanawazibia mwanga. Mkono wenu ukiwa na kasi sana, punguzeni kidogo. Mtoto akitamka hesabu kwa sauti na akakosea, mwacheni amalize kwanza, kisha mrudishe kete mahali pake mkiwa mnahesabu naye.

Wewe usiyejua kabisa, wiki hii ukitoka kazini ukawaona watu wameinamia ubao, simama. Hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Muulize aliye karibu nawe zamu ni ya nani, na kete ya mwisho imeangukia wapi. Atakuonyesha kwa kidole, na dakika chache baadaye utajikuta unamwonyesha mwingine.